Entebbe hadi Arua kwa ndege: umbali, muda wa safari na hesabu ya mfanyabiashara wa Koboko

Na Mwandishi Wetu, Arua

Swali hili tunaulizwa mara kwa mara na wasomaji wanaofanya biashara kati ya Kampala, Arua, Koboko na ng'ambo ya mipaka ya Kongo na Sudan Kusini: je, kutoka Entebbe hadi Arua ni kilomita ngapi kwa ndege, na safari inachukua muda gani? Jibu fupi ni takriban kilomita 370 kwa mstari ulionyooka, na ndege ndogo hukaa angani kati ya saa moja na saa moja na robo. Kwa barabara, Kampala hadi Arua ni kati ya kilomita 480 na 500, na basi hutumia saa 8 hadi 9 njia ikiwa nzuri.

Jibu hilo ni sahihi, lakini peke yake linaweza kumtia mtu hasara. Makala haya yanaeleza namba hizo zinapatikanaje, kwa nini barabara ni ndefu kuliko anga, na ni lini ndege inamfaa mfanyabiashara na lini basi la usiku linamfaa zaidi.

Umbali kwa mstari ulionyooka

Namba zifuatazo ni za makadirio, kutoka Arua kama ndege angeruka bila kukata kona:

- Arua hadi Gulu: kilomita 150
- Arua hadi Bunia: kilomita 180
- Arua hadi Juba: kilomita 215
- Arua hadi Kampala: kilomita 350
- Arua hadi Entebbe: kilomita 370
- Arua hadi Nairobi: kilomita 825
- Arua hadi Mombasa: kilomita 1,245
- Arua hadi Dar es Salaam: kilomita 1,435

Kwa upande wa Koboko, mji huo uko kaskazini ya Arua kwa takriban kilomita 43 angani na 55 kwa barabara. Koboko hadi Kampala ni takriban kilomita 390 kwa mstari ulionyooka, lakini Koboko hadi Juba ni kama 175 tu. Kwa hiyo mwenye duka wa Koboko yuko karibu zaidi na mji mkuu wa Sudan Kusini kuliko mji mkuu wa nchi yake. Ataufikiaje huo mji wa karibu ni suala jingine, na tutalirudia hapa chini.

Jinsi ya kukokotoa mwenyewe

Vikokotoo vingi vya umbali kwenye intaneti huwa na viwanja vikubwa vya ndege tu, na miji kama Koboko au Ariwara mara nyingi haimo. Msomaji anaweza kupata makadirio mazuri kwa kalamu na karatasi, kwa sababu eneo letu liko karibu na ikweta, na huku digrii moja ya latitudo au ya longitudo ni takriban kilomita 111.

Chukua Entebbe na Arua. Entebbe iko karibu kabisa na ikweta, kwenye longitudo 32.4 mashariki. Arua iko latitudo 3.0 kaskazini na longitudo 30.9 mashariki. Tofauti ya kwenda kaskazini ni digrii 3.0, yaani kilomita 333. Tofauti ya kwenda magharibi ni digrii 1.5, yaani kilomita 167. Zidisha kila namba kwa yenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Utapata kilomita 372 au karibu na hapo. Njia hii haifai kwa safari ya Dubai au Guangzhou, ambako lazima uhesabu mviringo wa dunia, lakini kwa Afrika Mashariki inatosha kabisa.

Kwa nini barabara ni ndefu zaidi

Tofauti kati ya kilomita 350 za angani na 480 au zaidi za barabarani ni zaidi ya theluthi moja. Sababu yake ni mto Nile pamoja na Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls.

Jina la West Nile lenyewe linaeleza hali hiyo: ni eneo lililo magharibi ya Nile ya Alberti. Gari linalotoka Kampala hupanda kaskazini hadi Karuma, likavuka Nile ya Viktoria, likageuka magharibi kando ya hifadhi, kisha likavuka Nile ya Alberti kwenye daraja la Pakwach. Baada ya hapo hupita Nebbi na kuingia Arua. Kwa maneno mengine, abiria wa Arua huvuka mto huo mara mbili, na uhai wa biashara ya eneo zima umeegemea madaraja mawili.

Historia nayo ina sehemu yake. Eneo hili lilikuwa ndani ya Lado, ardhi iliyokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Baada ya kifo chake mwaka 1909 liliwekwa chini ya Sudan, na mwaka 1914 ndipo likahamishiwa Uganda. Mipaka ilichorwa hivyo, lakini ndugu na masoko yakabaki pande zote tatu. Hadi leo Mkakwa wa Koboko ana jamaa Yei na Mlugbara wa Arua ana jamaa Aru, na biashara hufuata jamaa.

Daraja la Karuma, lililojengwa mwaka 1963, lilitoa somo mwaka 2024. Lilifungwa kwa matengenezo kuanzia Septemba hadi Desemba mwaka huo. Magari madogo yalielekezwa kupitia Masindi na Paraa, ndani ya hifadhi, hadi Pakwach. Malori makubwa yalizungushwa mashariki kupitia Mbale, Soroti na Lira. Kilomita za angani kati ya Kampala na Arua hazikubadilika hata moja, ila gharama ya kufikisha gunia la sukari Koboko ilibadilika.

Muda wa ndege angani

Uwanja wa ndege wa Arua uko katika mwinuko wa takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kwa miaka mingi ulitajwa kuwa wa pili kwa shughuli nchini Uganda baada ya Entebbe, lakini ndege zinazoutumia ni ndogo. Kampuni ya Eagle Air ndiyo iliyojulikana sana katika njia ya Entebbe na Arua kwa miaka mingi, ikitumia ndege za aina ya Let L-410 miongoni mwa nyingine. Shirika la MAF, linalohudumia zaidi makanisa na mashirika ya misaada, huruka kutoka kiwanja cha Kajjansi kilicho kati ya Kampala na Entebbe, likitumia Cessna Caravan. Ratiba za kibiashara za njia hii zimekuwa zikibadilika mara nyingi, hivyo msafiri aulize kwa wakala wiki hiyo hiyo anayotaka kusafiri.

Caravan huruka kwa mwendo wa karibu kilomita 300 kwa saa. Gawanya 370 kwa 300, unapata saa moja na dakika 14. L-410 ina kasi zaidi kidogo na hutumia kama saa moja na dakika chache. Jeti ingefika kwa dakika 45 hivi ukijumlisha kupanda na kushuka, lakini jeti za abiria zinahitaji njia ndefu na imara zaidi ya kurukia.

Kuna jambo ambalo abiria wengi hawalijui. Hewa ya mwinuko wa mita 1,200 ni nyepesi, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi. Ndege ndogo ikiruka saa 8 mchana haiwezi kubeba uzito ule ule inaoubeba saa 2 asubuhi. Ndiyo maana mizigo hupimwa kwa makini na mara nyingine abiria mwenyewe hupandishwa kwenye mizani. Mtu mwenye marobota ya vitenge asitegemee kuyapakia hapo.

Muda wa mlango kwa mlango

Mfanyabiashara hauzi muda wa angani. Anachopaswa kuhesabu ni muda wa kutoka mlango wa nyumba au duka lake hadi mlango wa anakokwenda. Kutoka katikati ya Kampala hadi Koboko kwa ndege, hesabu ya kawaida ni hii:

- Kampala hadi uwanja wa Entebbe, kama kilomita 40: saa 1 hadi 2 kutegemea foleni. Barabara ya kasi ya Entebbe iliyofunguliwa mwaka 2018 imepunguza muda huo, na tangu Januari 2022 inalipiwa.
- Kujiandikisha, ukaguzi na kusubiri: saa 1 au zaidi.
- Angani: saa 1 hadi saa 1 na robo.
- Kushuka, kuchukua mzigo na kuingia mjini Arua: nusu saa.
- Arua hadi Koboko kwa gari: kama saa 1.

Jumla ni kati ya saa 4 na nusu na saa 6. Kwa basi kutoka Kampala, pamoja na gari la kuunganisha Koboko, ni saa 9 hadi 10. Kwa hiyo ndege inaokoa saa 4 au 5. Zile saa 7 ambazo mtu huzifikiria anapolinganisha basi na muda wa angani hazipo.

Kipande cha Arua hadi Koboko kilikuwa kirefu kuliko kinavyoonekana sasa. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, yenye kilomita 92, ilikuwa ya udongo mwekundu, na mvua ikinyesha malori yalikwama. Kuwekwa lami katika muongo wa 2010, kwa fedha za Benki ya Dunia, kuliunganisha mpaka wa Kongo pale Vurra na mpaka wa Sudan Kusini pale Oraba. Kwa mfanyabiashara wa Koboko, lami hiyo imeokoa saa nyingi kuliko ndege yoyote.

Je, ndege inalipa?

Wachumi hutumia hesabu rahisi. Chukua tofauti ya gharama kati ya ndege na basi, ugawe kwa saa ulizookoa. Jibu ni bei unayoilipa kwa kila saa. Kama saa yako inaingiza zaidi ya hapo, panda ndege. Kama inaingiza kidogo, panda basi.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba ndege pamoja na usafiri wa kwenda uwanjani inamgharimu mtu shilingi 320,000 zaidi ya basi, na inaokoa saa 4. Amelipa shilingi 80,000 kwa kila saa. Mwenye duka ambaye faida yake ya siku ya saa 10 ni shilingi 200,000 anaingiza 20,000 kwa saa. Hapo ndege haimlipi.

Lakini kuna kosa ambalo hata wasomi hulifanya katika hesabu hii. Saa zote si sawa. Basi la usiku linaloondoka Kampala jioni hufika Arua alfajiri. Saa zake 8 ni za kulala, duka lingekuwa limefungwa hata hivyo, na abiria hakulipa chumba cha wageni. Ndege ya asubuhi, kinyume chake, hula saa 5 za mchana, saa za kazi. Ukihesabu saa za biashara peke yake, basi la usiku linaweza kuwa ndilo la haraka. Gharama yake ni uchovu na hatari ya barabara ya usiku, na mambo hayo mawili hakuna anayeweza kumpangia mwenzake bei.

Saa inayotegemeka

Mfanyabiashara mmoja wa vipuri vya pikipiki mjini Koboko alitusimulia kilichompata. Alikuwa na tiketi ya kwenda Dubai kununua mali, ndege ikiondoka Entebbe usiku. Entebbe hadi Dubai ni takriban kilomita 3,700, safari ya saa 5 hivi. Akaona heri apande ndege ya asubuhi kutoka Arua siku hiyo hiyo, ili asipoteze siku ya pili njiani. Alikuwa amebeba fedha za wenzake watatu, kwa kuwa walikuwa wamechangia kontena.

Mvua ilianguka asubuhi. Safari ikasogezwa mchana, mchana ikasogezwa kesho yake. Mabasi ya mchana yalikuwa yameshaondoka, na gari la kukodi lisingewahi. Ndege ya Dubai ilimwacha. Kwa kuwa tiketi mbili alizinunua mbali mbali, kampuni ya safari ya Dubai haikuwa na wajibu wowote kwake: ilihesabu kwamba abiria hakutokea. Ile ya Arua ilimrudishia nauli ya Arua tu. Wenzake walimsubiri wiki tatu zaidi kwa mali waliyokwisha kuwaahidi wateja wa Yei, na mmoja wao alijitoa katika ushirika.

Siku hizi hupanda basi la usiku siku moja kabla, hufika Kampala alfajiri, huoga, hufanya shughuli zake Arua Park mchana kutwa, na jioni huenda Entebbe. "Basi ni polepole," alisema, "lakini polepole yake naijua."

Hapo ndipo ilipo hesabu yote. Wastani wa muda una maana ndogo kwa mtu anayeunganisha safari. Jambo kubwa ni tofauti kati ya siku nzuri na siku mbaya. Basi likiwa na siku mbaya huchelewa saa 3 au 4. Ndege ndogo ikiwa na siku mbaya huchelewa siku nzima. Kwa hiyo anayeunganisha ndege ya kimataifa alale Kampala au Entebbe usiku mmoja kabla, au anunue tiketi moja inayobeba safari zote pale inapopatikana.

Koboko hadi Juba: karibu lakini mbali

Tulisema Koboko hadi Juba ni kama kilomita 175 angani. Barabara ya asili hupita Oraba, Kaya na Yei. Tangu vita vilipozuka upya Sudan Kusini Julai 2016, njia ya Yei imekuwa na vipindi vingi vya hatari. Watu wengi walikimbilia Uganda, na kambi ya Bidibidi katika wilaya ya jirani ya Yumbe ikafunguliwa Agosti mwaka huo.

Mtu anayeikwepa njia hiyo ana chaguo mbili. Ya kwanza ni kuzunguka mashariki: Koboko, Yumbe, Moyo, kivuko cha Laropi, Adjumani, kisha Elegu na Nimule, na kutoka hapo barabara ya lami ya kilomita 192 hadi Juba. Ya pili ni kwenda Entebbe kupanda ndege. Entebbe hadi Juba ni kilomita 540 angani, zaidi kidogo ya saa moja. Lakini ili aifikie ndege hiyo, mtu wa Koboko husafiri kilomita 575 au zaidi kuelekea kusini kwanza. Jumla ni zaidi ya kilomita 1,100 ili kufika mji ulio umbali wa 175.

Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022. Katika karatasi, Arua sasa iko katikati ya soko moja. Katika tiketi, bado iko mwisho wa njia.

Saa za mipakani: usisahau

Jambo la mwisho huwapotezea watu muda kuliko foleni. Uganda iko saa 3 mbele ya saa ya dunia. Mashariki ya Kongo iko saa 2 mbele. Sudan Kusini ilikuwa sawa na Uganda, lakini tangu tarehe 1 Februari 2021 ilirudisha saa yake nyuma, nayo ikawa saa 2 mbele. Hivyo ukivuka Vurra kuingia Kongo, au Oraba kuingia Kaya, rudisha saa yako nyuma kwa saa moja.

Maana yake kwa biashara ni hii. Ukifika mpakani saa 2 asubuhi kwa saa ya Arua, ng'ambo ni saa 1, na ofisi inayofungua saa 2 kwao itakuweka saa nzima. Ukirudi jioni, lori linaloondoka Kongo saa 11 kwa saa ya kule linafika upande wa Uganda ikiwa saa 12. Unapopanga miadi kwa simu, taja ni saa ya nchi gani.

Kwa ufupi kwa msafiri

- Safari ya kikazi ya siku moja, nyaraka za dharura, dawa au kipuri kidogo cha thamani: ndege inafaa, ukipata nafasi.
- Mizigo mizito au ununuzi wa jumla Kampala: basi la usiku na lori.
- Safari ya nje kupitia Entebbe: fika usiku mmoja kabla.
- Madaraja ya Karuma na Pakwach: ulizia hali yake kabla ya kutoka, hasa wakati wa mvua.
- Kuvuka kwenda Kongo au Sudan Kusini: beba hati ya safari na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000, ulizia forodha kuhusu cheti rahisi cha uasili.

Ukiulizwa Entebbe hadi Arua ni mbali kiasi gani, jibu kilomita 370. Ukitaka kupanga biashara, uliza kwanza: siku ikiharibika, nitachelewa kwa kiasi gani?